Shajara ya mradi: i5-2500K kwenye chumba cha nyuzi 32

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mdogo wangu anahariri video za harusi. Mashine ni moja, tunaitumia kwa zamu, na foleni huanza pale anapobonyeza kutoa faili la mwisho. Video ya saa moja inakula dakika 46, na ndani ya dakika hizo hata barua pepe haifunguki vizuri. Huku bibi harusi yuko kwenye simu: "Kaka, bado tu?"

Hela ya mashine mpya haipo. Kilichopo ni prosesa ambayo sikujua thamani yake mpaka wiki iliyopita nilipoiangalia kwa CPU-Z, programu inayoitambulisha prosesa: Core i5-2500K. Hiyo K ya mwisho ndiyo habari yenyewe. Intel waliitoa Januari 2011, viini vinne, nanomita 32, wati 95. Kasi ya msingi ni gigahezi 3.3. Turbo huifikisha 3.7 kikifanya kazi kiini kimoja, lakini vikifanya kazi vyote vinne inaishia 3.4, na kutoa video ni kazi ya vyote vinne.

K maana yake kizidisho hakijafungwa, yaani unaweza kuiovakloki, kuikimbiza kupita kasi ya kiwandani. Kasi ni saa ya msingi (mapigo yanayoongoza mashine) ya megahezi 100 mara kizidisho: 34 inakupa 3.4, 42 inakupa 4.2. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, nayo lazima ikubali. Zile zenye chipu ya H61, zilizojaa kwenye mashine za ofisi zinazouzwa Kariakoo, hazikubali. Yangu ni Z68. Bahati tu, maana aliyeniuzia alikuwa ameandika "i5" juu ya kasha kwa maka peni, akaishia hapo.

Ipo njia nyingine ya kuongeza kasi, kuipandisha hiyo saa ya 100 yenyewe. Siigusi. Kwenye kizazi hiki saa hiyo hiyo ndiyo inayoendesha diski na USB, kwa hiyo ukiisogeza kidogo tu vyote vinachezacheza. Hapa kuna harusi za watu ndani ya diski.

Kabla ya kugusa kitu nimechukua vipimo vya mwanzo, kwa sababu bila hivyo baadaye utajidanganya. Faili la majaribio: harusi moja ya Mbagala, dakika 60, kwa HandBrake, programu ya kutolea video, mipangilio ile ile kila mara. Matokeo: dakika 46. Kisha nikawasha Prime95, programu inayoikamua prosesa mpaka mwisho, kwa nusu saa, HWiNFO ikiwa pembeni inasoma joto.

Nyuzi 91. Bila kuovakloki chochote! Kikomo cha prosesa hii ni 98. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Yaani nilitaka kuongeza mwendo kwenye gari ambalo rejeta yake tayari inachemka.

Jumapili, 2 Februari

Leo usafi tu. Nimetoa feni ya kiwandani iliyokuja na prosesa. Kati ya mapezi ya alumini kulikuwa na blanketi la vumbi, zito, la kijivu, ambalo lilitoka zima kama limefumwa. Ndani yake nilikuta mjusi mdogo aliyekauka. Sijui aliingia lini.

Pesti ya kupitishia joto iligeuka chaki. Nilipoikwangua kwa kona ya kadi ya simu iliyokwisha vocha ilidondoka kwa vipande. Nikamalizia kwa spiriti na kitambaa cha pamba mpaka bamba la chuma la prosesa likang'aa na maandishi yakasomeka. Halafu nikaona kosa lingine: feni ile inashikwa na vibano vinne vya plastiki, na kimoja hakikuwahi kuingia mpaka mwisho. Kona moja ilikuwa imeinuka unene wa karatasi. Miaka yote hiyo prosesa ilikuwa inaegemewa upande mmoja.

Pesti mpya, tone la ukubwa wa choroko katikati, vibano vinne vyote nikasikia "ta". Prime95 tena: nyuzi 81. Kumi zimeshuka kwa spiriti na subira. Ukisoma hapa ukaacha, ukaenda kusafisha ya kwako, umefaidi zaidi ya nusu ya mradi.

Jumatano, 5 Februari

Kipoza kimefika: Hyper 212 EVO, cha mkononi. Kimenigharimu kuliko prosesa yenyewe, jambo ambalo sijamwambia mdogo wangu.

Ni mnara wa mapezi, na chini yake mabomba manne ya shaba yanayogusa prosesa moja kwa moja. Ndani ya kila bomba kuna kimiminika kidogo. Kikipata joto kinakuwa mvuke, mvuke unapanda kwenye mapezi, unapoa, unarudi chini kuwa maji. Hakuna pampu wala injini. Kati ya bomba na bomba kuna mifereji myembamba, kwa hiyo tone moja la katikati halitoshi. Nimepaka mistari juu ya mabomba, nikasawazisha kwa kadi ili mifereji ijae kwanza.

Kukifunga kumenichukua saa nzima, kwa sababu bamba la nyuma linataka mazabodi itolewe yote, na bisibisi yangu haina sumaku. Skrubu moja ilidondoka nyuma ya mazabodi. Usiwashe mashine kabla hujaipata! Niliipata baada ya kugeuza kasha zima kichwa chini na kulitikisa kama kibubu.

Feni inasukuma upepo kuelekea tundu la nyuma. Prime95, kasi ya kawaida: nyuzi 64. Volteji chini ya mzigo 1.176. Tarakimu hii ishikilie.

Nimegundua hasara moja. Feni ya zamani ilikuwa inapuliza chini, kwa hiyo iliipoza pia mitambo ya umeme ya mazabodi, vile visanduku vidogo vyeusi kando ya prosesa vinavyoishushia volti 12 mpaka 1 na ushee. Mnara unapuliza kwa ubavu, wao hawapati kitu. Nikiwagusa kwa kidole baada ya jaribio sikuweza kuhesabu mpaka tatu. Nimefunga kifeni kidogo juu yao kwa vibanio vya plastiki. Hakipendezi, ila kidole sasa kinakaa.

Jumamosi, 8 Februari

Siku yenyewe.

Kwanza kwa nini prosesa hukosea ukiikimbiza. Fikiria watu wanaopokezana karai za zege kwenda ghorofani, na msimamizi anapuliza filimbi. Kila filimbi, kila mtu awe amemkabidhi mwenzake. Akipuliza haraka zaidi, kuna mmoja atakutwa karai bado iko hewani, na zege linamwagika. Kuongeza volteji ni kuwapa uji wa nguvu, mikono inakwenda haraka. Lakini wanatoa jasho, na jasho hilo lina hesabu yake: joto huenda sambamba na kasi, na huenda sambamba na volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Kasi ikipanda peke yake unalipa kawaida. Volteji ikipanda unalipa mara mbili.

Nimezima marekebisho ya kujiendesha ya volteji, nimeweka tarakimu maalumu kwa mkono. Mazabodi ukiiachia ijichagulie inamwaga volteji kama mgeni anayetia sukari kwenye chai ya wenyewe.

Gigahezi 4.0 kwa volti 1.200: imepita bila hata kukohoa. Harusi ya Mbagala dakika 39 na sekunde 20.

4.2 kwa 1.200: skrini ya bluu ndani ya dakika nne, kosa 0x124. Kwenye kizazi hiki 0x124 mara nyingi ni kilio cha volteji. 1.224: dakika 25, bluu. 1.248: saa mbili, safi.

4.4 kwa 1.280: haikufika hata kwenye Windows. 1.304: ilifika, ikafanya jaribio saa nzima, nikafurahi. Kisha nikafungua kumbukumbu za matukio za Windows na kukuta mstari wa WHEA, tukio namba 19, mara tatu: kosa la vifaa limetokea, limerekebishwa. Prosesa ilimwaga zege ikazoa yenyewe kabla hujaona. Watu wengi hawaangalii hapo, wanahesabu wamefaulu. Mimi nahesabu kwamba imefeli. 1.320: saa mbili, mistari hakuna. Dakika 35 na sekunde 50.

Hapo ningeacha, lakini ilikuwa saa nane mchana na tamaa ni tamaa. 4.5 ilitaka 1.368, na joto likafika 90. Hata 4.4 ilikuwa inanipa 85.

Hili limenikera, kwa sababu kila mwongozo niliousoma unasema kipoza hiki na prosesa hii, kwa 4.5, watu wanapata sabini na kitu. Nilirudia pesti. Nilirudia skrubu. Joto likabaki pale pale. Jioni nikaangalia kipimajoto cha ukutani: 32. Waandishi wale wako kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Kipoza cha hewa hakiwezi kushuka chini ya joto la hewa inayokipuliza. Kinachokifanya ni kuongeza idadi fulani ya nyuzi juu ya hewa hiyo. Chumba kikipanda nyuzi 11, prosesa inapanda nazo 11 karibu zote. Mtu wa Oslo anaanza hesabu kutoka 20, mtu wa Temeke mwezi wa pili anaanza kutoka 32, na kikomo cha 98 ni kile kile kwa wote.

Lakini hata hivyo hesabu haijakamilika. 85 kutoa 32 ni 53. Ni nyingi mno. Kuna nyuzi sita au saba hazina mwenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Umeme ulikatika jaribio likiwa katikati, ukarudi, ukakatika. Nikaacha, nikaenda kibarazani. Fundi wa friji wa jirani alikuwa amekaa na kahawa yake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mbona tangu jana nasikia kitu kinavuma kwenu kama mashine ya kusaga?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza gigahezi ni nini. Aliuliza jambo moja. "Friji, mwanangu, halitengenezi baridi. Linahamisha joto, linalitoa ndani linalitupa nyuma. Ndiyo maana nawaambia watu wasilibandike ukutani. Hilo joto lako wewe unalitupa wapi?"

Kasha langu linakaa ndani ya kimeza chenye uwazi wa kompyuta, ubao kulia, ubao kushoto, nyuma ukuta. Vidole vitatu tu kati ya tundu la nyuma na ukuta. Nilichukua kipimajoto cha ukutani nikakiweka mle ndani, mbele ya tundu la kuvutia hewa, nikawasha jaribio umeme uliporudi. Baada ya dakika ishirini: 39. Mashine ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe.

Kasha sasa liko juu ya stuli, mbali na ukuta kama dhiraa. 4.4 kwa 1.320: nyuzi 79. Zile nyuzi sita zimepata mwenyewe, na dawa yake ni stuli.

Kwa kuwa sasa linavuta hewa ya chumba chenye dirisha la barabarani, nimevisha tundu la mbele stokingi ya zamani, imekatwa na kuvutwa juu ya fremu ya waya. Vumbi linashikwa hapo. Joto limeongezeka kama nyuzi moja. Nalipa.

Jumanne, 11 Februari

Volteji maalumu ina ubaya wake: mashine ikikaa bure, prosesa inashuka mpaka gigahezi 1.6 lakini volteji inabaki 1.320 vile vile, kama bodaboda aliyesimama kijiweni na moto mpaka mwisho. Nimehamia ofseti. Kwa ofseti prosesa inaomba volteji yake kulingana na kasi, na wewe unaongeza au kupunguza kidogo juu ya ombi lake.

Kwa 4.4 yangu inaomba nyingi kuliko inavyohitaji, kwa hiyo nimeweka ofseti ya kutoa. Tena nimepandisha LLC mpaka karibu na juu kabisa. Hii LLC ni mpangilio wa BIOS, ile menyu ya mazabodi kabla ya Windows kuwaka, unaozuia volteji isishuke mzigo unapoingia. Kwa kawaida mzigo ukiingia volteji inalegea kidogo, kama taa ya nyumbani pasi inapochomekwa. LLC ikiwa juu, hailegei. Kwa hiyo nikaweza kutoa zaidi kwenye ofseti na bado chini ya mzigo nikapata 1.320.

Prime95 usiku kucha, muda wa saa nane. Asubuhi inaendelea kuhesabu, makosa sifuri. Nimeandika kwa kalamu nyekundu ukutani: 4.4.

(Prime95, kwa asiyeijua, haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni programu ya watu wanaosaka namba tasa kubwa. Oktoba 2024 walitangaza moja yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, ingawa hiyo ilipatikana kwa kadi za picha. Inapenda kujipima kwa majibu yanayojulikana, ndiyo maana prosesa ikikosea hata tarakimu moja inakamatwa. Matoleo yake ya kuanzia 27 hutumia AVX, maagizo ya hesabu nzito ambayo 2500K inayo, na hapo joto linaruka. Mtu akikuonyesha nyuzi nzuri, muulize ni toleo gani.)

Ijumaa, 14 Februari

Imestaki. Saa nne usiku, mdogo wangu anasoma bei za maua kwenye kivinjari, ukurasa mmoja tu umefunguliwa. Picha imeganda, kipanya kimeganda, hakuna skrini ya bluu, hakuna chochote kwenye kumbukumbu. Nikazima kwa kitufe. Saa sita imerudia, safari hii hakuna mtu aliyekuwa ameketi mbele yake.

"Ulisema imepita mtihani," ameniambia.

Imepita. Saa nane.

Jumamosi, 15 Februari

MemTest86 usiku kucha, mizunguko minne, RAM safi. Waya wa pawa saplai nimechomoa na kuchomeka. Volti 12 zinasoma 12.05 chini ya mzigo. Nimerudia Prime95 saa tatu: safi. Nimetoa video mbili mfululizo: safi. Nikaacha ikae bure nikaenda kuoga. Nimerudi imestaki.

Inakufa ikipumzika. Ikifanya kazi ni mzima wa afya.

Jumapili, 16 Februari

Nimelala na swali nikaamka na jibu, au labda ni mama aliyelitoa bila kujua. Alikuwa anapunguza moto wa jiko la gesi chini ya maharage, akalizungusha mno, likazimika. "Moto mdogo nao una mwisho wake," akaliwasha upya.

Ofseti ya kutoa inatoa kila mahali. Nilipima kwenye mzigo tu, ambako LLC ilikuwa inanifichia kwa kuibeba volteji juu. Nikafungua CPU-Z mashine ikiwa imekaa bure, gigahezi 1.6: 0.912. Kabla ya haya yote, siku ya kwanza, niliandika kwenye daftari kwamba ikiwa imetulia ilikuwa inasoma 0.984. Nilikuwa nimeinyima prosesa chakula cha chini kabisa. Ikishuka kupumzika, zege linamwagika na hakuna hata nguvu ya kupiga kelele, ndiyo maana hakuna bluu wala mstari wowote.

Na Prime95 haiwezi kukuonyesha hilo milele, hata ukiiacha mwezi, kwa sababu haiiruhusu mashine kupumzika. Nilijaribu mbio za masafa marefu, sikujaribu usingizi.

Dawa: LLC nimeirudisha ngazi ya katikati, ofseti nimeitoa kwenye hasi nikaiweka chanya ndogo. Ikikaa bure sasa 0.984. Chini ya mzigo inalegea kiasi, na hilo ni sawa.

Jaribio jipya nimelibuni mwenyewe: programu ndogo ya mistari sita inayokamua viini vyote sekunde kumi, inalala sekunde ishirini, inakamua tena, usiku mzima. Kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Hiyo ndiyo siku halisi ya kompyuta ya nyumbani.

Jumatatu, 17 Februari

Usiku umepita bila kustaki.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki bila tatizo. Ila nimefuta ile 4.4 ya kalamu nyekundu.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Kutoka hali ya kawaida, 3.4 kwa 1.176, kwenda 4.4 kwa 1.320: kasi imeongezeka asilimia 29, joto linalozalishwa limeongezeka kama asilimia 63. Kwenda 4.2 kwa 1.248: kasi asilimia 24, joto asilimia 39. Yaani zile megahezi 200 za mwisho zinaniongezea kasi kama asilimia sita za ile ya mwanzo (200 kwa 3,400) na kunidai joto asilimia 24 zaidi. Kwenye harusi ya Mbagala tofauti ni dakika moja na sekunde hamsini. Hakuna bibi harusi anayeijua hiyo dakika.

Kuna na uzee wa prosesa. Volteji na joto, vikikaa juu miaka, vinaichakaza. Mkondo wa umeme unasogeza chembe za chuma kwenye nyaya za ndani, taratibu, mpaka siku inahitaji volteji zaidi kwa kasi ile ile. Si hadithi za kutishana. Mwaka 2024 Intel wenyewe walilazimika kutoa marekebisho, lile la Agosti likiitwa 0x129, kwa prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 kwa sababu zilikuwa zinaomba volteji ya juu kupita kiasi na kupoteza uthabiti. Hizo ni mpya, na wenye nazo hawakugusa chochote. Yangu ina miaka 14.

Kwa hiyo 4.2. Nyuzi 72 mchana wa jua kali, 68 usiku dirisha likiwa wazi. Feni nimeipunguza mpaka fundi wa friji ameuliza kama tumeuza ile mashine.

Rafiki mmoja amenicheka, anasema kuna watu wamevuka gigahezi 9. Kweli wamevuka, kwa heliamu ya kimiminika, baridi ya zaidi ya nyuzi 260 chini ya sifuri, na prosesa inasimama hapo muda wa kupiga picha ya skrini. Nami nimemuuliza kama walitoa video yoyote.

Jumamosi, 8 Machi

Siku 19 bila kustaki hata mara moja, bila mstari wa WHEA. Mfungo umeanza, harusi zimepungua, kwa hiyo mdogo wangu anamalizia kiporo. Anaweka mafaili sita kwenye foleni baada ya tarawehe na yanakuwa tayari kabla ya daku. Zamani yalikuwa matano.

Jambo moja nimelirekebisha leo. Joto lilikuwa limepanda taratibu, 72, 73, sasa 76, chumba kikiwa kile kile. Nilianza kushuku pesti. Kumbe ni stokingi, imejaa vumbi mpaka imegeuka rangi ya barabara. Nimeivua, nimeifua kwa sabuni ya unga, joto limerudi 72. Nimeianika kwenye kamba uani, na mama ametoka kuuliza ni ya nani.